MAKTABA YA UMMA NI HAKI YA RAIA, SI SADAKA

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na wakili mmoja mbele ya wananchi wa Mutomo, Kitui Kusini, juu ya fedha za maktaba za umma. Tunayachapa kwa ukamilifu.)



Nimealikwa nizungumzie swali moja: iwapo sisi watu wa Kitui Kusini twataka maktaba ya umma hapa Mutomo, ni nani wa kuilipia? Nitatoa jibu langu tangu mwanzo, ili asiyeweza kukaa hadi mwisho aende nalo nyumbani. Mwenye wajibu wa kuilipia ni serikali ya kaunti, kutoka katika bajeti yake ya kila mwaka, kwa sababu Katiba ndivyo isemavyo. Wengine wote, yaani wafadhili, makanisa, wanasiasa, na hata sisi wenyewe kwa michango yetu, ni wasaidizi. Na msaidizi akichukua nafasi ya mwenye wajibu, mwenye wajibu hulala usingizi.

Wengi wetu tukisikia neno maktaba hufikiri jengo, na tukifikiri jengo hufikiri harambee. Ndugu zangu, katika shughuli hii jengo ndilo jambo jepesi. Jengo ni harusi. Bajeti ndiyo ndoa. Harusi huchangiwa na jirani, mjomba na hata mpita njia, ikaisha siku moja kwa vigelegele. Ndoa huanza kesho yake asubuhi, wageni wakiisha kwenda zao, na unga unahitajika jikoni.

Maktaba hula kila siku. Mkutubi lazima alipwe mshahara, na mlinzi wa usiku vilevile. Stima ina bili yake, na maji yana bili yake. Magazeti ya leo hayawezi kununuliwa kwa fedha za mwaka jana. Kitabu kinachopendwa na watoto hupasuka jalada kabla ya mwaka kwisha, na lazima kishonwe upya au kinunuliwe kingine. Na mchwa wa Ukambani, mnawajua, hawatofautishi kitabu cha hesabu na gogo la mti. Dawa yao inauzwa. Maktaba isiyo na fedha za mambo haya huanza kufunga siku ya Jumamosi, kisha hufungua asubuhi tu, kisha siku moja mwanafunzi hukuta kufuli, wala hakuna anayejua ni nani aliyetoa amri. Maktaba nyingi hufa hivyo. Hazivunjwi na mtu, huachwa tu.

TULIKOTOKA

Tukumbushane historia, maana asiyejua alikotoka hajui aendako. Maktaba za kwanza katika nchi hii hazikuwa mali ya umma. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, ile yenye sanamu za simba mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931. Ilijengwa kwa ukumbusho wa mlowezi tajiri, Sir William Northrup McMillan, kwa jitihada za mjane wake na kwa msaada wa Shirika la Carnegie la Marekani. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Mlango ulifunguliwa kwake uhuru ulipokaribia.

Mwaka 1948 serikali za kikoloni ziliunda East African Literature Bureau, chombo kilichochapisha vitabu na kuvisambaza kwa masanduku na kwa posta hadi mashambani. Mwaka 1960 mkutubi S. W. Hockey aliandika ripoti akapendekeza kwamba kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na bodi yake ya maktaba. Tanganyika ikatunga sheria yake mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, na Kenya mwaka 1965. Sheria hiyo ya mwaka 1965 ndiyo iliyozaa bodi ya Kenya National Library Service, tunayoijua kwa herufi KNLS. Maana yake kisheria ni kubwa. Kwa mara ya kwanza dola ya Kenya ilikiri kwamba kumpa raia kitabu cha kusoma ni kazi ya serikali, kama kumpa barabara au zahanati.

Lakini kukiri ni jambo moja, kulipa ni jingine. Kufikia miaka ya 1990 hazina ya serikali haikuwa na nguvu ya kujenga maktaba kila mahali. Ndipo ukaenea mpango wa maktaba za jamii: wananchi watoe ardhi na jengo, Bodi ilete vitabu, wakutubi na usimamizi. Kwa Wakamba huo haukuwa msamiati mgeni, maana kabla ya neno harambee kutajwa sisi tulikuwa na mwethya. Wanawake wa nchi hii walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo kwa mwethya, wakajenga madarasa kwa mwethya. Leo ukisoma orodha ya maktaba zilizokuzwa chini ya KNLS utakuta Mwingi, kaskazini mwa kaunti yetu hii. Utakuta pia Kinyambu, Kithasyu na Mutyambua katika Makueni. Hayo si majina ya miji mikuu. Ni mahali kama petu, penye vumbi na jua kama letu.

Huko Garissa, mwaka 1996, KNLS ilianza huduma ya maktaba ya ngamia, ikianza na ngamia watatu, ili watoto wa wafugaji wafuatwe na vitabu huko waliko. Dunia nzima iliistaajabia picha ya ngamia aliyebeba riwaya. Mimi kama wakili nilipendezwa zaidi na jambo lisiloonekana katika picha: ngamia naye ana mchungaji, mchungaji ana mshahara, na mshahara huo umeandikwa mahali fulani katika bajeti. Siku utakapofutwa katika bajeti, ngamia hatatoka zizini, hata akipigwa picha namna gani.

YATIMA WA SERIKALI MBILI

Sasa twende kwenye Katiba. Katiba tuliyoipitisha kwa kura mwaka 2010 inalitaja neno maktaba waziwazi. Kifungu cha 11 kinaiamuru dola kukuza utamaduni wa taifa kwa njia nyingi, na maktaba imetajwa miongoni mwazo. Kisha Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, katika orodha ya kazi za serikali za kaunti, linaziweka maktaba katika orodha moja na makavazi, michezo na bustani za kaunti. Maktaba ya umma ya Mutomo, basi, si jambo la hisani ya gavana yeyote wala la huruma ya mwakilishi wa wadi yeyote. Ni kazi waliyopewa na Katiba siku ile walipoapishwa.

Kama mambo ni wazi hivyo, kwa nini maktaba zetu zinasota? Ni kwa sababu katika kugawana kazi, maktaba zilianguka kati ya viti viwili. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, kazi ilikuwa ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, lakini watumishi, vitabu na hati vilikuwa vya Bodi ya taifa, ambayo bado ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1965. Hazina ya taifa ikatazama ikasema: maktaba zimegatuliwa, mwulizeni gavana. Magavana wakatazama wakasema: watumishi hawa si wetu, mwulizeni waziri. Mtoto mwenye baba wawili akalala njaa, kila baba akiamini kwamba mwenzake amekwisha kumlisha.

Waliotunga Katiba walikwisha kuiona hatari hii. Kifungu cha 187 kinasema kwamba kazi inapohamishwa kutoka serikali moja hadi nyingine, lazima pawe na mipango ya kuhakikisha kwamba fedha na nyenzo za kuifanyia kazi hiyo zinahamishwa pamoja nayo. Kumpa mtu ng'ombe bila kumpa malisho ni kumpa mzoga wa kesho.

Jirani zetu wa Uganda walitutangulia katika njia hii. Sheria yao ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ilizikabidhi maktaba za umma kwa mamlaka za wilaya na miji, na mwaka 2003 Bodi yao ya zamani ikafuatwa na Maktaba ya Taifa ya Uganda. Wakutubi wa huko wameeleza kwa miaka mingi yaliyofuata: madaraka yalishuka wilayani, lakini fungu la vitabu halikuwekewa alama, na fedha isiyo na alama huenda kwa mwenye sauti kubwa. Barabara ina makandarasi wa kuipigia kelele. Hospitali ina wagonjwa. Kitabu hakina mwenye kukililia ila msomaji, na msomaji kwa kawaida ni mtu mkimya.

WAFADHILI NA JEMBE LA SIKU YA TATU

Wapo watakaosema: tuwaandikie wafadhili. Mimi siwadharau wafadhili. Shirika la Book Aid International la Uingereza, lililoanza mwaka 1954 kwa jina la Ranfurly, limeleta vitabu vingi sana katika maktaba za Afrika, na anayebeza kitabu cha msaada hajawahi kukikosa. Jijini Nairobi, shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na wanawake wawili Wakenya, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, liliingia mapatano na serikali ya kaunti ya jiji ili kuzifufua maktaba ya McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini litazameni jambo hilo kwa makini. McMillan ipo katikati ya mji mkuu, ina sheria yake peke yake katika vitabu vya sheria za Kenya tangu wakati wa mkoloni, na bado ilifikia hali ya kuhitaji kuokolewa na raia. Kama sheria bila fedha haikuitosha McMillan, haitatutosha sisi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mfadhili ni mgeni. Analeta vitabu vya mwaka huu, lakini hawezi kuahidi mshahara wa mkutubi wa miaka 20 ijayo. Wala hatungependa awe na uwezo huo, maana anayemlipa mkutubi ndiye atakayeamua rafu ibebe nini. Tena kitabu cha msaada huandikwa huko kilikoandikwa. Kasha linalotoka ng'ambo halina Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, riwaya iliyotoka mwaka 1996. Halina vitabu vya David Maillu, mwana wa Ukambani. Halina kitabu cha Kikamba ambacho nyanya anaweza kumsomea mjukuu wake. Vitabu hivyo lazima vinunuliwe hapahapa kwa fedha zetu, na bei yake si ndogo, hasa tangu Sheria ya VAT ya mwaka 2013 ilipoweka kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu. Serikali iliyotoza kodi kwenye kitabu cha mtoto wa maskini haiwezi kusema haihusiki na maktaba.

Wapo pia watakaosema: tumwendee mheshimiwa, atatujengea kwa fedha za maendeleo ya eneo bunge. Hapa nawaonya kama mwanasheria. Mfuko huo umeburutwa mahakamani mara nyingi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2015 kwamba sheria yake haikupatana na Katiba. Mahakama ya Juu ikasema vivyo mwaka 2022 juu ya sheria ile ya mwaka 2013. Na mwaka 2024 Mahakama Kuu ikatamka hivyo tena juu ya sheria iliyoifuata. Hoja kubwa katika mashauri hayo imekuwa kwamba mbunge ametungiwa kazi ya kutunga sheria na kuisimamia serikali, si kutekeleza miradi. Tena si miradi iliyo kazi ya kaunti. Hata fedha hizo zikipatikana, zitajenga kuta. Hazitamlipa mkutubi. Jengo lililojengwa na mkono mmoja bila mkono mwingine kuahidi kulitunza huishia kuwa ghala la viti vya mikutano.

SENTI NNE

Najua kuna swali lililowakaa wazee kooni, nao wana heshima mno kuniuliza. Wanasema moyoni: huyu wakili anatoka wapi? Sisi hapa twachimba mchanga wa mito mikavu kutafuta maji. Mvua ikikosa msimu mmoja ng'ombe wanakufa, na ikikosa miwili watoto wanaacha shule. Maktaba ya nini?

Swali hilo ni la haki, nami nalijibu kwa hesabu. Tangu mwaka wa fedha wa 2021/2022 mgao wa Kitui kutoka kwa mapato ya taifa umezidi shilingi bilioni 10 kwa mwaka. Sasa tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba maktaba ndogo ya hapa Mutomo yahitaji shilingi milioni 4 kwa mwaka kwa mishahara, stima, maji, magazeti na vitabu vipya. Gawanyeni wenyewe. Katika kila shilingi 100 zinazoingia kaunti, hizo ni senti 4. Na kama tungeweka maktaba ya namna hiyo katika kila wadi kati ya wadi zetu sita za Kitui Kusini, yaani Mutomo, Mutha, Ikutha, Kanziko, Athi, na Ikanga pamoja na Kyatune, jumla haingefika senti 25 katika kila shilingi 100. Atakayewaambia kwamba maktaba itawanyima maji, mwambieni awaonyeshe kwanza zilikokwenda zile shilingi 99 na senti 75 zilizobaki.

Na hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mnajua ni wapi mtazitafuta? Zimeandikwa. Makadirio ya matumizi ya kaunti yameandikwa. Taarifa za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchapishwa. Mijadala ya bunge la kaunti hunakiliwa. Lakini mwananchi wa Mutha azisomee wapi? Akisafiri hadi Kitui mjini, ni nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kazi. Maktaba ya umma ndipo mahali ambapo bajeti ya maji ingewekwa mezani, ikasomwa na mkulima bure, bila kumwomba mtu ruhusa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilosomwa ni sawa na lisiloandikwa. Kwa hiyo nawaambia wazee wangu kwamba maktaba haishindani na kisima. Ndiyo itakayotueleza kwa nini kisima kilicholipiwa hakikuchimbwa.

Wale walioitawala nchi hii kwa chama kimoja waliielewa nguvu ya maandishi kuliko sisi. Gazeti la Beyond lilipigwa marufuku mwaka 1988 baada ya kuandika juu ya wizi wa kura katika uchaguzi wa mlolongo. Nairobi Law Monthly likapigwa marufuku mwaka 1990. Kupatikana na chapisho lililopigwa marufuku kulikuwa kosa la jinai. Kabla ya hapo, mwaka 1982, ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ huko Limuru, ambao wanakijiji wenyewe waliujenga kwa mikono yao na ambamo marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alifanya kazi pamoja nao, ulibomolewa kwa amri ya serikali. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi kura ya vyama vingi iliporudi mwaka 1992, nami ni miongoni mwa walioyapokea matunda ya kazi ya waliofungwa kwa ajili ya kalamu. Marufuku yale yametoweka. Lakini msidhani kwamba kumzuia mtu kusoma kunahitaji tangazo katika Gazeti Rasmi. Yatosha mstari mmoja kuachwa mtupu katika makadirio, mwaka baada ya mwaka. Hakuna atakayekamatwa, na hakuna atakayesoma.

Vijana nao wataniambia: wakili, siku hizi vyote vimo katika simu. Nami nawauliza: simu ya nani, na kwa bando la nani? Mtoto wa darasa la sita anayesoma kwa mwanga wa kibatari hana simu. Mwanafunzi wa sekondari anayesoma akiwa amekaa kitandani pamoja na ndugu zake wanne anahitaji kiti, meza, mwanga na kimya kabla hajahitaji intaneti. Na hiyo intaneti yenyewe, ikiwekwa katika maktaba, humfikia asiye na bando. Simu njema inazidisha haja ya maktaba.

BURE MLANGONI

Neno moja juu ya ada. Fedha zikipungua, wasimamizi wa maktaba hushawishika kumtoza msomaji mlangoni. Azimio la UNESCO juu ya maktaba za umma, lile la mwaka 1994 na lile lililolifuata mwaka 2022, linasema kwamba maktaba ya umma kimsingi iwe bila malipo, kwamba ni wajibu wa mamlaka za mitaa na za taifa, na kwamba iwe na sheria yake mahususi na fedha za serikali. Azimio si sheria ya kumfunga mtu jela, lakini busara yake ni sawasawa. Shilingi chache za mlangoni haziwezi kuendesha maktaba. Lakini zatosha kabisa kumfukuza yule aliyejengewa. Mwenye nazo ana vitabu nyumbani.

LA KUFANYA

Sasa, ndugu wananchi, tusiondoke hapa kwa makofi tu. Sheria imetupa tarehe, na tarehe ni silaha ya mnyonge, kwa maana hakuna mkubwa anayeweza kuisogeza.

Kwanza, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kaunti ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Jambo lisilokuwemo katika mpango huo ni vigumu kuingia baadaye. Maombi yetu yafike Julai, kwa maandishi, yakiwa na sahihi.

Pili, kufikia tarehe 28 Februari hupelekwa waraka wa mkakati wa fedha, unaopanga kila idara ipate kiasi gani. Na kufikia tarehe 30 Aprili hupelekwa makadirio yenyewe. Katikati ya tarehe hizo huitishwa vikao vya kuwashirikisha wananchi, kwa amri ya Kifungu cha 201 cha Katiba. Mkiitwa, nendeni. Msiende kula chakula cha mchana na kurudi. Mtu mmoja asimame aseme: tunataka fungu la maktaba, lenye jina lake na nambari yake, likitenganisha mishahara, vitabu na matengenezo. Kisha mwingine asimame aseme hivyohivyo. Fungu lenye jina ndilo mtu anaweza kulidai.

Tatu, ombeni habari kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki hiyo, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Ulizeni: katika miaka mitatu iliyopita kaunti imetenga kiasi gani kwa maktaba, na imetumia kiasi gani? Msipojibiwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua ya namna hiyo haihitaji wakili, wala haina ada.

Nne, tumieni haki ya kuwasilisha ombi rasmi katika bunge la kaunti chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, mkilitaka litunge sheria ya maktaba ya Kitui. Bajeti ni ya mwaka mmoja na gavana ni wa miaka mitano. Sheria hubaki wote wawili wakiisha ondoka.

Tano, mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, ule wa 2023 hadi 2027, unakaribia ukingoni, na utakaoufuata utaanza mwaka 2028. Uchaguzi mkuu kwa mujibu wa Katiba ni Agosti 2027. Waombaji wa kura watapita hapa sokoni wakiwa na vipaza sauti. Kila mmoja wao, wa chama chochote, aulizwe swali moja la senti nne. Akisema atajenga maktaba, msimpigie makofi bado. Mwulizeni: na mkutubi atalipwa kutoka fungu gani?

Nasi wenyewe tuna sehemu yetu. Mwethya haujafa. Tutoe kiwanja chenye hati safi, iliyoandikwa kwa jina la umma na wala si la mtu, la kanisa wala la kamati. Kesi nyingi za mali ya jamii huharibika kwa hati kabla hazijaharibika kwa fedha. Tuchague kamati itakayosoma hesabu mbele ya watu kila mwaka. Barabara ya lami sasa yatoka Kibwezi hadi Kitui kupitia hapahapa Mutomo. Katoni la vitabu likipakiwa Nairobi asubuhi, jioni limefika. Udhuru wa umbali umekwisha. Mwenzetu wa hapa akitaka maktaba ya Mwingi lazima asafiri zaidi ya kilomita 100, na mtoto wa shule hawezi safari hiyo.

Ndugu zangu, mwenye haki hubisha hodi mlangoni kwa mwenye wajibu, akiwa na sheria mkononi na tarehe kichwani, akarudi kesho, na kesho kutwa, hadi mlango ufunguliwe. Tarehe 1 Septemba haiko mbali. Mwenye kalamu na aitoe, karatasi za sahihi ziko mezani hapa mbele.